Kandambili Iliyobaki Langoni

Tuanze na baiskeli, maana ndiyo iliyowaponza. Ilikuwa baiskeli ya kiume, nyeusi, nzito, yenye lile bomba la juu linalomtaka mwanamke aweke haya pembeni kwanza ndipo apande. Mwenyewe alikuwa mume wa Fundi. Alipopata pikipiki aliiegemeza ukutani akaisahau, ikawa kazi yake ni kuanikiwa matambara. Fundi, mshonaji wa nguo aliyeshavuka miaka arobaini, aliipita kila siku bila kuitazama. Aliyeitazama ni wifi yake.

Huyo wifi, dada wa mume, alikuwa msusi, na mtaa mzima walimwita Kigelegele. Jina hilo hakupewa bure. Mteja akimaliza kusukwa, kigelegele. Fundi akimaliza suruali iliyomsumbua, kigelegele. Umeme ukirudi, usiseme! Wawili hao walipanga chumba kimoja cha kazi: cherehani upande wa dirisha, kioo na kiti cha kusukia upande wa mlango, na katikati yao nywele na nyuzi ambazo ukifika wakati wa kufagia zilikuwa hazina mwenyewe.

"Wifi," Kigelegele akasema siku moja, anakanda miguu iliyovimba kwa kuzunguka majumbani kwa wateja, "ile baiskeli ya kaka inaoza kule, na miguu yangu inaoza hapa. Tujifunze."

"Kwa umri huu? Watu watatucheka."

"Walikucheka ulipoolewa na kaka yangu. Ulikufa?"

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili asubuhi waliikokota baiskeli mpaka kwenye uwanja wa ghala moja lililofungwa, uwanja wa saruji, mrefu, wenye lango la buluu upande huu na bomba la maji upande ule. Mlinzi mzee aliwafungulia kwa sharti moja tu, kwamba wasimkataze kucheka.

Wenyewe walijiwekea sheria yao. Mmoja anapanda, mwenzake anashika nyuma ya kiti na kukimbia naye, huku anasema "nimekushika, nimekushika" bila kupumzika. Ukiisikia sauti hiyo, wewe kanyaga pedali, usiwaze kitu. Anayeshika akitaka kuachia, lazima aseme "naachia," ili wa juu ashushe miguu. Sheria rahisi, hata mtoto angeielewa.

Mambo ya kusherehekea aliyaleta Kigelegele. Siku Fundi alipokaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza bila kupiga mayowe, tena baiskeli imesimama tuli, wifi yake alipiga kigelegele mpaka mlinzi akatoka kibandani na rungu.

"Kuna nini?"

"Amekaa!"

"Amekaa wapi?"

"Kwenye kiti, baba! Humwoni?"

Mlinzi akamwona, akarudi kibandani anatikisa kichwa. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Wifi, makelele yote hayo kwa kukaa tu?"

"Mtoto akisimama dede anapigiwa makofi. Anapiga baba, anapiga mama, anapiga hata jirani asiyempenda mama yake. Mimi na wewe tumemkosea nani?"

Ikawa ndiyo kawaida yao. Ukikanyaga pedali mzunguko mzima, kigelegele na kipande cha keki kutoka duka la mikate la mtaa wa nyuma. Ukifunga breki bila kuruka chini, kigelegele na keki. Ukipiga kengele bila kwenda kuugonga ukuta, hapo mnakaa kwenye ngazi za ghala mnakula taratibu, mnaipitia habari nzima upya tangu mwanzo kama watu waliorudi safari ya mbali. Ukiacha vile vya suruali za wateja, Fundi hakuwahi kupigiwa kigelegele kwa jambo lake mwenyewe tangu harusi yake. Alianza kuisubiri Jumapili kama mtoto anayesubiri nguo mpya, japo asingekubali kulisema hilo.

Siku ya balaa ilikuwa zamu ya Kigelegele. Fundi akashika nyuma ya kiti, wakatoka pale langoni, wa juu anahema, wa chini anahema zaidi. "Nimekushika, nimekushika." Kabla hata hawajaliacha lango vizuri, kandambili ya Fundi ikakatika ukanda. Mguu ukamteleza. Ama ang'ang'anie wadondoke wote wawili, ama aachie. Akaachia.

Hapo hana kosa, tusimwonee. Yeyote angeachia. Kosa lilikuja baada ya hapo, na lilikuja limevaa furaha. Maana Fundi alipoinua macho, alimwona wifi yake anakwenda. Peke yake! Mgongo umenyooka, gauni linapepea juu ya suruali, gurudumu linafuata mstari kama mshono wa mashine. Sheria ilisema apaze sauti, "Nimeachia!" Mdomo wake ukasema, "Nimekushika!" Na kwa kuwa alishabaki nyuma, akaongeza sauti ili isikike ya karibu. "Nimekushika, wifi! Kanyaga!" Alitaka mwenzake afike kwenye bomba kwanza, ndipo amwambie geuka, ona ulikotoka. Utamu wa keki ya siku hiyo alishauhisi kwenye ulimi.

Kigelegele naye, kwa kujua ameshikwa, akafanya wanachofanya wote walioshikwa: akajiachia. Karibu na bomba palikuwa na majimaji. Baiskeli ikainama kidogo, na badala ya kufunga breki, akauegemea mkono wa wifi yake. Mkono haukuwapo. Akaenda chini, kiganja kikitangulia.

Fundi alikimbia. Mungu ni shahidi, alikimbia, mguu mmoja na kandambili na mguu mwingine mtupu. Alimkuta wifi yake amelala kifudifudi, mkono ameubana kifuani, uso umebadilika rangi. Kabla hajafungua mdomo, aliyeumia ndiye aliyesema.

"Nisamehe, wifi. Nimekuponyoka. Hujaumia?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, niliachia. Fundi akalimeza.

"Sijaumia," akasema.

Walipokuwa wanasubiri usafiri wa kwenda hospitali, mlinzi akawafuata na kitu mkononi. "Mama, umesahau kiatu chako kule langoni." Fundi akakipokea haraka, akakizamisha kwenye mkoba kama kitu cha wizi.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Mkono wa kulia, mkono wa kazi, ukafungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Na msusi asiye na mkono ni nini? Wateja wakampa pole za kweli, kisha wakaenda kusukwa kwingine, maana nywele hazisubiri mfupa uunge.

Fundi akaanza kulipia kosa lake kimyakimya, kwa njia ambayo mwenye kulipwa hajui analipwa. Alimfulia. Alimpikia. Alimfunga vifungo asubuhi na kumfungua jioni. Alimchana nywele, yeye ambaye hajui kusuka hata mkeka, akamtoa na vichwa vya ajabu ambavyo Kigelegele alivitazama kwenye kioo na kusema, "Asante, wifi, nimefanana na mtu aliyepigwa radi." Kisha angeongeza, kwa moyo mweupe kabisa, "Mungu akuzidishie. Wengine wana mawifi, mimi nina ndugu." Kila shukrani ilimpata Fundi kama kofi, na hakuwa na pa kuupeleka uso.

Lakini asante zilikuwa na nafuu. Kilichomla ni hadithi. Kwa kuwa mkono ulilala, mdomo wa Kigelegele ulifanya kazi ya viungo vyote viwili. Kila aliyeingia chumbani, awe amekuja kupunguziwa sketi au kuuliza saa, alisimuliwa.

"Nimedondoka pwaa! Naye huyu hapa, amekimbia mpaka kiatu kimemtoka! Kiatu, jamani! Amefika na mguu mtupu. Nani mwingine ana wifi wa hivyo? Wangapi mawifi zao wanawaombea mabaya?"

Wateja wangemgeukia Fundi kwa macho ya kumsifu. Fundi angeinama kwenye cherehani, anatafuta sindano ambayo haijapotea.

Na hadithi ilikuwa na mkia. Kigelegele alimaliza hivyohivyo kila mara, sauti imeshuka. "Ila mimi na baiskeli basi. Mtu umeshikwa, tena umeshikwa na anayekupenda, na bado unadondoka? Hapo usimlaumu mtu wala chombo. Ni mimi tu, siwezi." Mwanamke aliyepigia kigelegele kukaa kwenye kiti, leo anasema siwezi! Fundi alijua ni uongo. Alijua kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu aliona kwa macho yake mgongo ule ulionyooka. Lakini kumrudishia wifi yake ukweli huo kulikuwa na mlango mmoja tu, nao ni kukiri. Kila alipoukaribia, woga ulimrudisha. Kesho, alijiambia. Plasta ikitoka. Akipata wateja. Na uongo ni kama unga uliotiwa hamira, ukiuacha unaumuka wenyewe.

Mbaya zaidi, alikuwa anaendesha.

Alianza bila kukusudia. Alikwenda kuichukua baiskeli iliyobaki kwa mlinzi, akawa anaikokota kurudi nyumbani, mtaa mtupu, asubuhi na mapema. Akaweka mguu mmoja kwenye pedali, aone tu itakuwaje. Akasukuma. Ikaenda. Keshokutwa yake akarudi. Alijisuta, akajiita mnafiki, kisha akapanda tena. Siku moja akafika duka la mikate bila kushusha mguu. Siku nyingine akakata kona ya kushoto, na baada ya hapo ya kulia, ambayo kila anayejifunza anajua ni ngumu zaidi. Kila mara moyo ulimruka kwa furaha, masikio yakasubiri kigelegele, na kigelegele hakikuja. Mtaa ulinyamaza. Alishuka na kununua kipande cha keki kwa mazoea, na mate yakakataa kukishusha.

Keki zile alimpelekea Kigelegele. "Nilipita tu dukani," alisema.

"Unaninenepesha, wifi. Kwani tunasherehekea nini?"

"Hatusherehekei kitu. Kula."

Naye alikula, kwa mkono wa kushoto, makombo yakidondoka kwenye plasta, huku anasifu. Fundi alimtazama akimalizia keki ya kona ya kulia, akahisi amekuwa mtu mbaya kwa namna ambayo haina hata jina.

Plasta ilitoka. Mkono ulitoka mwembamba, umekauka, lakini vidole vilifanya kazi, polepole. Mteja wa kwanza kumrudia alikuwa mwalimu wa chekechea, mama wa umri wao, mcheshi. Katikati ya kusukwa akasema anafikiria kununua baiskeli. Shule iko mbali, amewaona wanawake wanaendesha, kwa nini yeye asijifunze?

Kigelegele akasimamisha vidole. "Dada, usijisumbue. Mimi nilishikwa na huyu unayemwona. Alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Na bado nilivunjika. Umri wetu umeshapita, tukubali tu."

"Kweli eh?" mwalimu akasema, na Fundi akaona kwenye kioo jinsi uso wake ulivyozimika. "Basi niache."

Sindano ya cherehani ikapita kwenye ukucha wa Fundi. Hakupiga kelele. Alikifunga kidole kwa kitambaa, akasubiri mwalimu amalize kusukwa, ainuke, aage na kutoka. Kisha akaizima hamu yake ya kukimbia.

"Wifi, sikukushika."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa nimeachia. Ulikuwa unaendesha peke yako."

Kigelegele akamtazama kupitia kioo, akacheka kwa upole. "Wewe na huruma zako. Umeona nimenyong'onyea, sasa unanitungia. Niliisikia sauti yako kwa masikio haya. Nimekushika, nimekushika."

"Nilidanganya."

"Hudanganyi wewe. Nimeanza kukujua leo?"

Haya sasa! Wiki zote hizo Fundi aliogopa kuchukiwa. Hakuwahi kuwaza kwamba atasema kweli na asiaminiwe. Alikuwa ameushona uongo wake kwa mshono mara mbili, na sasa mwenyewe hawezi kuufumua. Akainama chini ya cherehani, kwenye kapu la vipande vya nguo, akatoa kandambili iliyokatika ukanda. Alikuwa hajaitupa wala hajaipeleka kushonwa. Akaiweka mbele ya kioo, kati ya vitana.

"Mlinzi aliiokota wapi hii?"

"Si pale..." Kigelegele akaanza, akaishia hapo. Akaishika kandambili kwa mkono wake mwembamba, akaigeuza. "Langoni. Alisema langoni."

"Na wewe ulidondokea wapi?"

Fundi akaona aibu kulisubiri jibu. Akamalizia mwenyewe. "Haikunitoka nikikukimbilia. Ilikatika mwanzoni kabisa, nikaachia palepale. Kutoka lango mpaka bomba ulikwenda mwenyewe, umenyooka, ungejiona! Mimi nilikuwa nyuma huko nasema nimekushika, ili ufike mbali nikushangaze. Ningesema kweli, ungefunga breki."

Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema. Kigelegele alianza kukisugua kifundo cha mkono taratibu.

"Ukaniacha," akasema.

"Ukanda ulikatika, wifi, nisingeweza..."

"Sisemi uwanjani. Uwanjani tulikuwa tunacheza, mtu anateleza. Nasema hapa. Kwenye kiti hiki. Mfupa umeunga, mfupa si kitu. Lakini nimewaambia watu, wakubwa kwa wadogo, kwamba mimi nimeshikwa na bado nimeshindwa. Kila siku. Na wewe umekaa hapo, unashona."

Fundi alilia bila sauti. Alijua akiacha kitu ndani, hatapata tena nguvu ya kukitoa. "Kuna lingine."

"Lipo lingine?"

"Najua kuendesha. Nimekuwa nikienda peke yangu asubuhi. Zile keki... zilikuwa za hatua zangu."

Kigelegele akafumba macho. "Ile yenye limau?"

"Kukata kona ya kulia."

"Na nilisema ni tamu," akasema, kama anajisemesha mwenyewe. Kisha akafungua macho. "Nipishe, Fundi. Nataka kufagia."

Fundi. Tangu siku ya harusi mdomo ule haukuwahi kumwita hivyo. Ulimwita wifi, mke wa kaka, bibi wee, mchawi wangu. Fundi ni jina la wateja. Alitoka nje akasimama kibarazani na kitambaa chake cha damu kidoleni, mpaka sauti ya ufagio ikaisha.

Siku zilizofuata chumba kilikuwa na wafanyakazi wawili na hakuna wifi hata mmoja. Fundi, mkasi. Fundi, kuna mtu wako. Mume akauliza, nyie mna nini? Mmoja akasema muulize yeye, na mwingine akasema vilevile. Mteja akiulizia habari ya ajali, Kigelegele alijibu, "Niliteleza kwenye maji," akaendelea kusuka. Hakumsema Fundi kwa yeyote, na Fundi alitamani amseme. Matusi angeyabeba. Ile heshima ndiyo iliyomshinda.

Jumapili moja asubuhi mlango ukagongwa. Kigelegele alikuwa amevaa suruali chini ya gauni. "Toa baiskeli," akasema.

Wakaikokota mpaka uwanjani. Mlinzi akafungua lango la buluu, akawatazama nyuso, akaamua leo asicheke. Kigelegele akapanda. Mkono wa Fundi, kwa mazoea, ukaenda nyuma ya kiti.

"Mkono," Kigelegele akasema bila kugeuka. Fundi akauondoa kama aliyegusa pasi. "Usinishike. Na usiseme kitu. Sitaki kusikia sauti nyuma yangu."

Akasukuma. Gurudumu la mbele likayumba, likataka kwenda ukutani, akalirudisha. Fundi aliibana mikono kwapani na kuuma midomo. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa lile la nimekushika, na hilo ndilo asingeruhusiwa kulisema tena. Baiskeli ikanyooka. Ikapita ngazi za ghala, ikapita kibanda, ikafika kwenye bomba, upande mkavu. Breki. Miguu chini, yote miwili.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kigelegele mwenyewe alisimama pale, mgongo kwao, kwa muda. Kisha akageuza baiskeli na kuikokota kurudi, anaitazama saruji kati ya bomba na lango kama anayepima kitambaa kwa macho. Akafika mbele ya Fundi.

"Siku ile nilifika palepale?"

"Palepale."

"Peke yangu."

"Peke yako."

"Nilistahili kigelegele."

"Ulistahili. Ulistahili, na mimi nilikunyima."

"Basi kipige. Cha leo ni changu, nitajipigia mwenyewe nikitaka. Piga cha siku ile."

Fundi hakuwahi kupiga kigelegele maishani. Kwa nini apige, na mwenye jina yupo? Alifungua mdomo. Ulimi ukakwama kwenye machozi, ikatoka sauti ya kuku anayekabwa. Mlinzi akageuza uso upande wa pili. Kigelegele hakucheka. Alisimama, mkono ule mwembamba kwenye usukani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Tena," akasema.

Fundi akapiga tena.